Tamthilia, jedwali la mvua na uthibitisho wa kurasa sita: je, zote ni utafiti?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkutubi msaidizi katika chuo kikuu. Nimepewa jukumu la kukusanya kazi zote za utafiti za wanataaluma wetu ili ziwekwe katika hifadhi moja ya kidijitali. Nilitarajia makala na tasnifu. Badala yake nimeletewa pia uthibitisho wa kihisabati wa kurasa sita, majedwali ya vipimo vya mvua, programu ya kompyuta, rekodi ya tamthilia, kamusi ndogo ya istilahi, ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya wizara na faili la nota za muziki. Mkuu wangu wa kazi anasema kila kisicho makala wala tasnifu nikiweke kwenye kundi la "mengineyo". Je, hizi zote ni utafiti kweli? Na kwa nini kazi za watu wa chuo kimoja zinatofautiana kiasi hiki?

Jibu: Marahaba. Swali lako lina uzito kuliko unavyolichukulia, kwa sababu neno utakaloliandika juu ya kila kundi ndilo litakaloamua kazi ipi itatafutwa na kusomwa miaka ishirini ijayo na ipi itazikwa ikiwa bado hai. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Karibu kila kazi uliyoitaja inaweza kuwa utafiti, ila umbo lake pekee haliwezi kukuthibitishia hilo. Na kundi la "mengineyo" halifai kabisa, kwa kuwa linamwambia msomaji kazi hiyo si kitu gani, bila kumwambia ni kitu gani.

Iko picha moja ya utafiti ambayo wengi wetu tulifundishwa na hatujaiacha: mtafiti anaweka nadharia tete, yaani dhana anayotaka kuijaribu, anachagua sampuli, anakusanya data, anaichanganua, kisha anaandika makala yenye utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Picha hiyo ni sahihi kwa sehemu moja ya chuo kikuu. Imeenea hadi kwenye sehemu nyingine kwa sababu ni nyepesi kuifundisha na nyepesi zaidi kuihesabu, na nimewahi kuona wanafunzi wa fasihi wakilazimishwa kuandika "nadharia tete" kuhusu mashairi ambayo hawakuwa wameyasoma hata mara mbili. Lilinihuzunisha jambo lile, na linanihuzunisha hadi leo.

Ukweli ni kwamba chuo kikuu huwakusanya chini ya paa moja watu wanaosumbuliwa na mashaka ya aina mbalimbali. Mwanahisabati anajiuliza kama jambo fulani ni kweli daima, pasipo kuacha hata tukio moja nje. Daktari anajiuliza kama dawa hii inawasaidia wagonjwa kuliko ile. Mwanahistoria anataka kujua nini kilitokea, na waliokuwepo walikielewaje. Mhandisi anajiuliza kama kitu kinaweza kuundwa na kikafanya kazi, na mtunzi wa muziki anajiuliza kama sauti zinaweza kupangwa kwa namna ambayo sikio halijawahi kuipokea. Kila shaka lina njia yake ya kutatuliwa, na kila njia huacha kazi yenye umbo lake. Ndiyo maana uthibitisho wa kurasa sita haupaswi kuonekana kama makala ya mtu aliyechoka kuandika. Huenda mwenye kazi hiyo alihitaji miaka mitatu ili aufikishe kwenye kurasa sita badala ya sitini.

Kwa kuwa hisabati ndiyo inayowatatiza wakutubi zaidi, nitakaa hapo kidogo. Mnamo Juni 1993, Andrew Wiles, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Princeton, alitoa mihadhara mitatu mjini Cambridge, na mwishoni mwake akatangaza kwamba amethibitisha dai ambalo Mfaransa Pierre de Fermat aliliacha katika karne ya 17. Habari zilienea duniani kote. Kisha muswada ukaingia mikononi mwa wahakiki, na mmoja wao, akiupitia mstari kwa mstari na kumwandikia Wiles kila alipokwama, alifika mahali ambapo maelezo aliyopewa hayakuziba pengo. Wiles alihangaika na pengo hilo kwa muda wa zaidi ya mwaka, akisaidiwa na Richard Taylor aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, hadi Septemba 1994 alipopata njia nyingine ya kulivuka. Uthibitisho ulichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Annals of Mathematics, ukiwa na kurasa zaidi ya 100. Hapakuwa na sampuli, maabara wala data, lakini ni kazi chache zilizowahi kupimwa kwa ukali kama ule. Msomaji wa hisabati anapoufuata uthibitisho mstari kwa mstari anakuwa anaurudia utafiti wenyewe akiwa mezani pake.

Linganisha hilo na makala ya fizikia iliyotoka mwaka 2015, ambamo vikundi viwili vya watafiti wa maabara ya CERN viliunganisha vipimo vyao vya uzito wa chembe ya Higgs. Makala hiyo ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, ni 9 tu zilizobeba makala pamoja na marejeo yake. Kurasa 24 zilizosalia zilijaa majina ya watu na taasisi zao. Mwanahistoria aliyekaa peke yake na nyaraka kwa miaka minne, na mwanafizikia ambaye jina lake ni la elfu tatu kwenye orodha ile, wote wataandika "mwandishi" kwenye fomu yako. Neno ni hilo hilo, lakini linabeba kazi mbili tofauti, kwa hiyo fomu iwe na nafasi ya kueleza kila mtu alifanya nini: nani alibuni, nani alipima, nani aliandika programu, nani aliandika maneno.

Sasa tazama kazi ya mhakiki wa miswada ya kale, ambayo kwa mtu wa maabara huonekana kama kunakili tu. Tuseme ana utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Kama zilivyotumiwa na waandishi wengi wa zamani, hati hizo hazikuwa na herufi ya peke yake ya sauti p, kwa hiyo herufi ya b ilibeba b, p na hata mb. Na alama ya irabu inayowekwa chini ya herufi ilisomwa i mahali pamoja na e mahali pengine. Mhakiki anakuta neno lenye b na alama ya chini, likifuatiwa na m na alama ya a. Neno hilo laweza kuwa "pima", laweza kuwa "pema", laweza kuwa "bima". Mizani haimsaidii, maana yote matatu yana silabi mbili. Kina nacho hakimsaidii, maana yote yanaishia kwa "ma". Inambidi arudi kwenye beti zilizotangulia, atafute nakala nyingine ya utenzi huo, achunguze kama neno "bima" lilikwisha kuingia katika lugha wakati utenzi ulipotungwa, aone mnakili huyu ana mazoea gani anapoandika maneno mengine yenye p, ndipo aamue. Kisha anaandika chini ya ukurasa kwamba amesoma "pema", kwamba nakala ya pili ina neno fulani, na kwamba sababu zake ni hizi na hizi. Tanbihi hiyo ya mistari miwili inaweza kumgharimu wiki mbili. Atakayekuja baada yake, akiona kwamba amekosea, ana kila anachohitaji ili ampinge.

Katika tanbihi ile ndimo ninamokipata kipimo ninachokuomba ukitumie. Kazi ya kitaaluma, iwe na umbo lolote, ni ile inayotokana na uchunguzi, inayoleta jambo ambalo halikujulikana, na inayoiacha njia yake wazi ili mtu mwingine aweze kuifuata, kuikagua na kuikataa. Kipimo hiki hakikutoka kichwani mwangu peke yangu. Nchini Uingereza, ambako kazi za vyuo vikuu hutathminiwa kitaifa kila baada ya miaka kadhaa, tathmini za mwaka 2014 na 2021 ziliueleza utafiti kuwa ni mchakato wa uchunguzi unaozaa ufahamu mpya na unaoshirikishwa wengine ipasavyo. Maelezo hayo hayalitaji neno makala, na ndiyo maana tathmini hizo zilipokea vitabu, maonyesho ya sanaa, tungo za muziki, programu na michoro ya usanifu pamoja na makala za majarida.

Tuzipitie basi kazi zako kwa kipimo hicho, tukianza na majedwali ya mvua, kwa sababu ndiyo yaliyo katika hatari kubwa zaidi ya kutupwa. Mwaka 1958, Charles David Keeling wa Taasisi ya Scripps, iliyo sehemu ya Chuo Kikuu cha California, alianza kupima kiasi cha kaboni dioksidi hewani juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii. Vipimo vya mwanzo vilikuwa karibu sehemu 315 katika kila milioni. Siku hizi vimevuka 420. Ndani ya miaka michache namba zake zilionyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona waziwazi: kiasi hicho hupungua kila mwaka mimea ya upande wa kaskazini wa dunia inapostawi, na hupanda tena inapopukutika, huku mstari mzima ukiendelea kupanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1964 fedha zilipungua na vipimo vikasimama kwa miezi kadhaa, na pengo hilo bado linaonekana kwenye jedwali. Thamani ya kazi ile haimo katika namba yoyote moja. Imo katika uvumilivu wa kupima kitu kile kile, kwa njia ile ile, kwa miaka mingi, na kueleza kila kilichoharibika njiani.

Kwa hiyo unapoyapokea majedwali ya mvua, usiulize kwanza yana safu ngapi. Uliza kipimio kilikuwa cha aina gani, kiliwekwa wapi, kilisomwa saa ngapi, na nini kilifanyika siku kilipovunjika. Jedwali lenye pengo lililoelezwa lina thamani kuliko jedwali lisilo na pengo hata moja ambalo hakuna ajuaye lilijazwaje. Niliwahi kuwa katika jopo la watahini tulipoletewa jedwali safi mno, na mmoja wetu akaomba kuliona daftari la maabara. Katika ukurasa wa kumi na kitu kulikuwa na vipimo vitatu vilivyofutwa kwa wino mweupe. Mwanafunzi alieleza, kwa uaminifu kabisa, kwamba pampu ilikuwa na hitilafu asubuhi hiyo. Sababu yake ilikuwa nzuri; kosa lake lilikuwa wino mweupe. Katika daftari la maabara, kipimo kilichoharibika hukatwa kwa mstari mmoja mwembamba, kisomeke bado, na pembeni huandikwa tarehe na sababu. Tulimpa muda airudie sehemu hiyo, na tasnifu aliyoirudisha ilikuwa bora zaidi kwa sababu ilikuwa na kasoro zinazoonekana.

Kuhusu programu ya kompyuta sitasema mengi. Lugha ya R, ambayo leo hutumiwa na watafiti wa fani nyingi kuchanganua takwimu, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama kazi ya Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, waliotaka chombo cha kufundishia wanafunzi wao. Programu ikiwa imebeba njia mpya ya kutatua tatizo, ni kazi ya kitaaluma kamili. Jambo la lazima kwako ni kuhifadhi toleo halisi lililotumika, kwa kuwa matokeo yaliyopatikana kwa toleo moja yanaweza yasipatikane kwa toleo linalofuata.

Ripoti ya wizara inahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1963 wataalamu wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, walikutana Frascati, Italia, wakaandaa mwongozo wa kuhesabu shughuli za utafiti ambao umekuwa ukifanyiwa marekebisho tangu wakati huo. Toleo la mwaka 2015 linataja masharti matano: kazi ilenge jambo jipya, iwe na ubunifu, matokeo yake yasijulikane kwa hakika tangu mwanzo, iendeshwe kwa utaratibu, na iweze kuhamishiwa kwa wengine au kurudiwa. Sharti la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote. Ripoti iliyoorodhesha shule za mkoa na idadi ya madarasa yake ni huduma nzuri kwa umma, lakini njia yake ilijulikana na jibu lake lilikuwa ni kuhesabu tu. Ripoti iliyouliza kwa nini shule mbili zenye rasilimali zinazolingana hupata matokeo tofauti, ikachagua njia ya kulichunguza hilo na ikakubali kwamba huenda isipate jibu, ni utafiti, hata kama aliyeuagiza ni ofisi ya serikali na hata kama haitachapishwa kwenye jarida lolote. Ripoti zote mbili zina haki ya kuhifadhiwa, ila chini ya majina tofauti.

Hapa utakutana na watu watakaokuambia kwamba ripoti kama hiyo ni utafiti tumizi na kwa hiyo ni wa daraja la chini, na wengine watakaosema kinyume, kwamba utafiti usio na matumizi ni anasa. Usiwafuate wote wawili. Mwaka 2005, Katalin Karikó na Drew Weissman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba kubadilisha kidogo mojawapo ya herufi za kikemia zinazounda mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini, kunaizuia isiamshe mwitikio mkali wa kinga ya mwili. Makala yao haikupokelewa kwa shangwe ilipotoka. Miaka 15 baadaye, ugunduzi huo ukawa nguzo ya chanjo za UVIKO-19 zilizotengenezwa kwa mRNA, na mwaka 2023 wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Mkutubi ambaye angeipanga makala ile mwaka 2005 kwa kuangalia manufaa yake angeiweka chini kabisa ya rafu. Aina ya kazi inaweza kuandikwa. Manufaa yake yaachiwe wakati.

Nimefika kwenye tamthilia na nota za muziki, ambazo nadhani ndizo zilizomfanya mkuu wako alitaje kundi la "mengineyo". Tamthilia nzuri si lazima iwe utafiti, kama vile jengo zuri si lazima liwe utafiti wa usanifu. Mwongozaji anaweza kuandaa onyesho la kupendeza kwa kutumia ustadi alionao tayari, na hiyo ni sanaa inayostahili heshima yake. Lakini tuseme mwongozaji mwingine alitaka kujua hadhira hupokea nini iwapo mhusika mkuu atazungumza muda wote akiwa ameipa mgongo. Akalijaribu hilo katika mazoezi kwa njia tatu, akaziacha mbili, akaandika kwa nini, akawasikiliza watazamaji, kisha akaliweka jukwaani onyesho ambalo lenyewe ndilo jibu. Jibu hilo halihamishiki lote kwenye karatasi, kwa sababu sehemu yake imo katika mwili wa mwigizaji na katika ukimya wa ukumbi. Ndiyo maana vyuo vingi vinavyotoa shahada za uzamivu kwa njia ya sanaa humtaka mtahiniwa alete kazi yenyewe pamoja na maandishi yanayoeleza swali, njia na kile kilichogunduliwa. Kwa nota za muziki kanuni ni hiyo hiyo. Muombe mtunzi ukurasa mmoja au miwili ya maelezo. Asipoweza kuyatoa, kazi yake iingie kama utungo; akiweza, iingie kama utafiti wa kisanaa, na maelezo hayo yafungwe pamoja na nota yasiachane nazo.

Kamusi ya istilahi inanigusa kwa namna ya pekee, kwa sababu nimewaona waandaaji wa kamusi wakipita katika maisha ya kitaaluma bila kupandishwa cheo huku wenzao wa makala tatu kwa mwaka wakipanda. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyoandaliwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka mwaka 1981, na watu waliokuwa bado hawajazaliwa wakati huo wameifungua na wanaendelea kuifungua bila kujua jina la hata mmoja wa walioishughulikia. Kila kidahizo, yaani neno linaloingizwa na kuelezwa katika kamusi, ni uamuzi: neno lipi liingie, maana ipi itangulie, mfano upi uoneshe matumizi bila kuyapotosha. Hata kamusi ndogo ya istilahi za fani moja, ikiwa mwandaaji ameeleza aliyatoa wapi maneno yake na aliyachaguaje yaliposhindana, ni utafiti wa lugha. Ikiwa ameyakusanya tu kutoka kwenye orodha za wengine, ni zana ya kufundishia.

Na zana ya kufundishia si tusi. Mwaka 1990 Mmarekani Ernest Boyer alipendekeza kwamba kazi ya mwanataaluma itazamwe katika nyanja nne: kugundua, kuunganisha maarifa yaliyotawanyika, kuyatumia kutatua matatizo, na kufundisha. Sikubaliani na kila walichokijenga wengine juu ya pendekezo hilo, lakini nyanja ya pili imepuuzwa mno. Mtu anayekusanya majaribio mia mbili ya tiba moja, akayapima ubora kwa kanuni alizozitangaza kabla ya kuanza, na akaeleza kwa jumla yanasema nini, hajampima mgonjwa hata mmoja. Hata hivyo mapitio ya aina hiyo ndiyo ambayo madaktari huyategemea zaidi wanapoandika miongozo ya matibabu. Katika hifadhi yako yasichanganywe na sura ya mapitio ya maandiko iliyomo katika kila tasnifu. Ni kazi inayojitegemea.

Tasnifu umesema ulizitarajia, lakini usizichukulie kuwa ni mazoezi ya wanafunzi. Mwaka 1937, Claude Shannon, akiwa na umri wa miaka 21, aliandika katika chuo cha MIT tasnifu ya shahada ya uzamili iliyoonyesha kwamba aljebra ya mantiki iliyobuniwa na George Boole katika karne ya 19 inaweza kutumiwa kusanifu saketi za swichi za umeme. Saketi za kompyuta zimesanifiwa kwa msingi huo. Kati ya tasnifu unazozipokea, nyingi hazitakuwa za namna hiyo, lakini utakuta humo kitu ambacho majarida hukikwepa: jaribio lililoshindwa na kuelezwa kwa ukamilifu. Jarida hupenda matokeo yenye kung'aa. Tasnifu ina nafasi ya kusema, "tulijaribu njia hii kwa miezi minane, haikuzaa kitu, na hizi ndizo sababu tunazozishuku". Mtafiti wa chuo kingine akiisoma sura hiyo, ameokoa miezi minane yake.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo hukuliuliza lakini litakusumbua, nalo ni hadhi ya kazi. Tangu majarida ya kwanza ya kitaaluma yaanze mjini Paris na London mwaka 1665, wasomi wamekuwa wakitafuta namna ya kutenganisha kilichopitiwa na wengine na kile ambacho bado ni sauti ya mwenyewe tu. Mwaka 1991 Paul Ginsparg alianzisha hazina ya arXiv, na tangu hapo wanafizikia na wanahisabati wamezoea kuweka makala zao hadharani kabla hazijahakikiwa. Faida yake ni kubwa. Wajibu wake kwako ni kwamba kila kazi katika hifadhi iandikwe wazi kama ni nakala ya awali, nakala iliyokubaliwa, au nakala iliyochapishwa. Wala usimwahidi msomaji kwamba kuhakikiwa ni sawa na kuwa kweli. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti wa saikolojia lilirudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa katika majarida yenye heshima. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu, lakini ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizotoa matokeo ya namna hiyo. Wahakiki hawakuwa wazembe. Walisoma walichoandikiwa, na data yenyewe mara nyingi hawakuiona. Hii ni sababu nyingine ya kuyapa majedwali nafasi yake kamili.

Kuna kazi, hata hivyo, ambazo hupaswi kuzifungua kwa kila mtu hata zikiwa bora. Mahojiano ya watu waliosimulia mateso yao, rekodi za wagonjwa, ramani za mahali ambapo viumbe adimu hujificha: hizi huhifadhiwa, huelezwa kwa ufupi hadharani, na faili lenyewe hufunguliwa kwa ruhusa ya kamati ya maadili. Kabla ya kuipokea data yoyote inayotokana na watu, iombe pia karatasi ya ridhaa waliyoisaini, uisome, uone waliambiwa maelezo yao yatatumikaje. Mtu aliyekubali kuhojiwa kwa ajili ya tasnifu moja hajakubali kuwekwa kwenye intaneti.

Kwa mkuu wako, nadhani shida yake ni ya hesabu: ripoti ya mwaka inamtaka aseme chuo kimetoa kazi ngapi, na makala ndizo zinazohesabika kwa urahisi. Mweleze kwamba tangu tamko la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu tathmini ya utafiti, taasisi nyingi zimekubali kwamba jina la jarida si kipimo cha ubora wa kilichomo, na kwamba data na programu zinapaswa kuthaminiwa pamoja na makala. Hesabu yake haitaharibika. Itakuwa na safu zaidi.

Kesho asubuhi, ukifungua faili, anza hivi. Andika aina ya kila kazi kwa jina lake lenyewe: uthibitisho, data, programu, mapitio, kamusi, ripoti ya utafiti, ripoti ya huduma, utafiti wa kisanaa, utungo, zana ya kufundishia. Ongeza sehemu ya hadhi, sehemu ya mchango wa kila mhusika, na sehemu ya masharti ya kufunguliwa. Yule wa tamthilia mwandikie ukimwomba kurasa mbili juu ya swali alilokuwa akilitafutia jibu, na umwombe pia rekodi za mazoezi ikiwa anazo, kwa kuwa njia alizozijaribu akaziacha zinaweza kuwa humo. Aliyeleta majedwali ya mvua mwulize kuhusu siku ambazo kipimio hakikusomwa. Na uthibitisho wa kurasa sita uweke kama ulivyo. Hauhitaji kuongezewa hata neno moja.